Mama Aliyejibu Salamu kwa Namba

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mikumi, pembeni ya barabara kuu, na kitu ninachokichukia kuliko vyote katika kazi yangu ni ugonjwa wa gari unaokuja na kuondoka. Dereva wa lori anashuka amekunja uso, anasema taa za nyuma zimemzimikia njiani. Napanda, nawasha, zinawaka. Nazima, nawasha tena, zinawaka. Nachukua testa, napima waya mmoja baada ya mwingine, kila kitu kizima. Dereva ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya, anaondoka, na kabla hajaimaliza hifadhi ya wanyama ananipigia simu kwamba zimezima tena. Miaka ishirini na ushee nimeishi kwa imani moja tu, kwamba waya una moto au hauna. Sijawahi kuona waya wenye moto asubuhi na usio na moto mchana bila mtu kuugusa.

Nayasema haya ili nieleweke nilikuwa mtu wa namna gani mama yangu alipoanza kuumwa. Mama anakaa Kilosa mjini, Magomeni, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, mzee aliyekuja zamani kufanya kazi ya reli akabaki. Mwaka juzi alipata mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge unaoshika mbavu za upande mmoja. Majirani walinong'ona yao, kama kawaida ya watu wakisikia jina la ugonjwa huo. Akapimwa, akatibiwa, malengelenge yakakauka, tukashukuru. Kumbe tulishukuru mapema. Upele uliondoka, maumivu yakabaki palepale kwenye mbavu, tena maumivu ya kichekesho: ukimgandamiza kwa kiganja anavumilia, lakini khanga ikipita juu ya ngozi anaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Ingekuwa hivyo kila siku, mimi na mama tusingegombana. Tatizo ni kwamba siku nyingine khanga ileile, juu ya mbavu zilezile, ilikuwa khanga tu.

Alikuwa ananipigia simu asubuhi. "Baba, leo sifiki jioni. Nguo siwezi kuvaa, shuka siwezi kujifunika, nimekaa tu kitandani." Nafunga kazi, namwacha mwenye gari akinung'unika, napanda pikipiki kwenda Kilosa. Nafika vumbi hadi kwenye kope, mgongo unaniuma, moyo uko mkononi. Namkuta kwenye baraza na wanawake wawili wa jirani, wanachambua mchele na kucheka hadi machozi yanawatoka. Khanga ameikaza, tena juu ya mbavu zilezile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, za huko?"

"Za huko nzuri. Wewe unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu. Nzuri."

Nzuri! Nimeacha lori la watu limefunguliwa dashibodi, ananiambia nzuri. Nilingoja majirani waondoke ndipo nikamshukia.

"Mama, si umeniambia unakufa?"

"Nilikuwa nakufa."

"Na sasa?"

"Sasa imekaa pembeni."

"Imekaa pembeni wapi?"

"Nitajuaje, mwanangu? Ikija sijui ilikotoka, ikienda sijui iendako. Kula kwanza."

Kwetu salamu hujibiwa kabla ya kufikiriwa. Mtu amefiwa usiku, asubuhi ukimuuliza habari atakujibu nzuri, kisha ndipo atavuta pumzi na kukueleza kuna msiba. Nzuri inatangulia, habari yenyewe inafuata nyuma. Mama kwa watu wote aliishia kwenye nzuri. Ile habari ya nyuma alikuwa akiniletea mimi peke yangu, kwa simu, mlango ukiwa umefungwa. Wakati ule sikuona kuwa nimepewa kitu. Niliona nimetwishwa mzigo, tena mzigo wenyewe una mashaka.

Baada ya safari ya tano au ya sita nikamleta Mikumi kwa daktari mmoja, binti mdogo tu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia mama vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Kisha akachukua kipande cha pamba, akamwomba mama afumbe macho, aseme kila anaposikia kitu na kinavyouma. Mimi nikasimama mlangoni nikiangalia kama mtu anayesimamia mtihani.

Akamgusa ubavuni. "Uuuwi!" mama akajikunja. Akangoja, akagusa palepale. "Hiyo pamba tu." Akagusa tena palepale. Mama kimya. "Hujasikia kitu, mama?" "Kwani umegusa?" Akangoja, mikono yake yote miwili ikiwa mapajani. "Hapo! Hapo umegusa, na inachoma," mama akasema, na hakuna aliyekuwa amemgusa.

Nilitaka kuingia ukutani kwa aibu. Daktari aliandika tu, hata hakushangaa. Akampa vidonge, akasema hivyo ni vya kuanzia, na kwamba kuongeza au kubadilisha dawa kutategemea maumivu yanavyokwenda kwa wiki tatu. Tuandike mara tatu kwa siku, namba kutoka sifuri, pasipo na maumivu kabisa, hadi kumi, yasiyovumilika. Akanigeukia mimi. "Kaka, wewe ndiye jicho langu huko nyumbani. Nitaamua kwa hilo daftari na kwa utakachoniambia."

Nilipenda. Namba ni kitu ninachokielewa. Nikanunua daftari, nikalichora mistari, na kwa kuwa nakaa mbali nikawa napiga simu asubuhi, mchana na jioni.

"Mama, ngapi?"

"Nafuu kidogo."

"Nafuu siyo namba."

"Basi andika tatu."

"Ni tatu au unanipa tatu ili nikate simu?"

"Andika tatu, baba, mchicha wangu unaungua."

Nilikuwa nang'ata kalamu kwa hasira. Jumamosi moja nikaenda kukaa naye kutwa nzima nijionee. Nikaona kiini cha matatizo yetu, au nilifikiri nimekiona. Baraza ya mama inatazama njia, na kila anayepita lazima aulize habari, na kila anayeuliza anajibiwa nzuri. Mpaka saa nne asubuhi nilikuwa nimehesabu nzuri kumi na saba, tatu kati ya hizo amezitoa huku meno ameyauma. Nikajiambia, huyu mwanamke amedanganya mara kumi na saba kabla ya chai kushuka tumboni, saa sita nikimuuliza namba ataujulia wapi ukweli? Hapo ndipo mimi, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma sekondari, nilipomwambia mama yangu mzazi kwamba kuanzia siku ile ni marufuku kusema nzuri. Atakayeuliza habari apewe namba.

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema, akakubali.

Wa kwanza alikuwa jirani aliyepita na ndoo ya maji kichwani.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Tano."

Jirani akasimama, maji yakamwagika begani. "Tano nini?"

"Tano ya mbavu. Mwanangu ameagiza."

Akafuata mzee mmoja anayetoka msikitini, mtu mpole sana. "Bibi, hujambo?" Mama akafikiri, kwa sababu nilimwambia afikiri. "Sita na nusu. Ila nusu haziruhusiwi, kwa hiyo andika sita." Mzee akanitazama mimi, akamtazama mama, akasema Mungu ni mwema, akaongeza mwendo. Watoto walipopita na shikamoo zao mama aliwajibu marahaba kama siku zote, na nilipofungua mdomo akanikata: shikamoo ya mtoto haijibiwi kwa namba hata ningekuwa nani. Hapo nilinywea.

Katikati ya wiki ilishajulikana Magomeni nzima kwamba mama yule akili imeanza kumtoka. Mmoja akamletea supu. Mwingine akanipigia simu kunishauri, kwa lugha ya mzunguko, nisimwache peke yake. Wengine wakaanza kupita njia ya nyuma, maana mtu akikujibu nane utamwambia nini? Ukijibiwa nzuri unajua pa kuendelea.

Na namba zikapanda. Wiki ya kwanza zilikuwa tatu, nne, tano. Wiki ya pili zikawa sita, saba, nane. Nilimwambia mama ugonjwa unakua, na vidonge havina nguvu. Akakataa kabisa.

"Wewe ndiye unaipandisha."

"Mimi?"

"Zamani mtu akiniuliza habari nasema nzuri, na ile dakika ninayoisema inakuwa nzuri kidogo, kweli kabisa. Nafikiri watoto wake, nafikiri mvua. Sasa kila anayepita ananirudisha ubavuni. Nikifika ubavuni naikuta inaningoja."

"Mama, maneno hayafiki mbavuni."

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," akasema, akakata simu yeye. Hajawahi kunikatia simu maishani mwake.

Kisha ikaja ile nane. Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Sauti yake kwenye simu ilikuwa imepasuka, anavuta pumzi kwa vipande. "Nane, baba. Nane." Niliandika nane, na nakiri iliniuma, nikafanya kazi mchana kutwa mikono mizito. Jioni fundi mwenzangu akarudi kutoka Kilosa alikokwenda kununua vipuri. Akaniambia kwa furaha, kama anayeniletea zawadi, kwamba amemwona bi mkubwa wangu mchana huohuo. Kwa jirani walikuwa wanamtoa mwali, na mama alikuwa mbele, khanga kiunoni, anapiga makofi na vigelegele kuwashinda wasichana.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Saba hivi. Kama saba kasoro."

Nilichemka. Nilichukua kalamu nyekundu nikaizungushia ile nane duara, na kila nilipofungua daftari duara lile lilikuwa linanicheka.

Wiki tatu zikaisha, nikampeleka mama kwa daktari. Alivaa gauni lake la kutokea na mtandio, ingawa njiani alikuwa ameushika upande mmoja usimguse. Daktari akapitia kurasa polepole. "Zinapanda," akasema. "Nafikiri tuongeze dawa."

"Daktari, kabla hujaongeza," nikasema, "hii nane ni ya uongo."

Nikamweleza yote, sikubakiza. Makofi, vigelegele, khanga kiunoni. Na kwa kuwa nilishafungua mdomo nikaendelea: "Mama anapenda kuhurumiwa. Nikiwa mbali anakufa, nikifika anafufuka. Akiwa na wenzake haumwi. Mimi ndiye uliyeniambia niwe jicho lako, na nilichokiona ni hicho."

Nilitegemea mama anirukie. Huyu ni mtu anayebishana na muuza dagaa mpaka anaongezewa fungu. Aliangalia mkoba wake mapajani, akafunga zipu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Kaka, njoo ukae hapa," daktari akasema.

Akanikalisha, akanifumbisha macho, akanikunjia mkono wa shati. Alikuwa na uzi mwembamba wa nailoni, mwepesi kuliko unywele wa farasi. Akasema ataugusisha nyuma ya kiganja changu, na mimi niseme kila nikiusikia. Nilitabasamu. Vidole hivi na mikono hii inatambua waya uliochubuka gizani chini ya dashibodi. Nikawa nasema "hapo," "hapo," kwa sauti ya mtu anayejiamini. Tulikwenda hivyo dakika kadhaa.

Nilipofumbua macho akanionyesha karatasi yake. Uzi uleule, mahali palepale, nguvu ileile. Karibu nusu ya miguso sikuisikia kabisa. Na mara mbili nilisema "hapo" uzi ukiwa juu ya meza.

"Na wewe unapenda kuhurumiwa?" akaniuliza.

Nilibisha, bila shaka. Nikasema feni inavuma, nikasema hakugusa sawasawa. Akanivumilia. Akasema ubongo haukai kimya ukisubiri kuguswa ndipo uamke. Una shughuli zake wenyewe mchana na usiku, zinapanda na kushuka bila mtu kuziamuru, hata ukiwa umekaa tu hufikirii lolote. Mguso unapofika unaukuta ubongo katikati ya shughuli hizo. Ukiukuta katika hali moja unasikika. Dakika moja baadaye mguso uleule unaikuta hali nyingine, unapita kama haukuwepo. Na pengine shughuli yenyewe inapanda kiasi kwamba mtu anasikia kitu ambacho hakikuja. Kwa maumivu ni vivyo hivyo, hasa kwa mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibiwa kama ya mama. Khanga ni ileile. Mama wa saa sita na mama wa saa saba kasoro ubongo wao haukuwa mahali pamoja.

"Kwa hiyo alikuwa anaumwa au hakuwa anaumwa?" nikauliza. Nilikuwa nataka jibu, si hotuba.

"Saa sita aliumwa nane. Kwenye ngoma pengine aliumwa mbili. Zote mbili ni kweli, na hakuna kati ya hizo aliyoipanga yeye. Tena kumuuliza sana kunaweza kuyakuza. Hilo daftari sasa mliache, kosa ni langu kwa kutokueleza vizuri."

Nilikaa pale nimenuna, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilielewa. Washa taa ya ndani ya gari, kisha piga stata: taa inafifia. Swichi hujaigusa, balbu ni ileile, ila betri ilikuwa na kazi nyingine wakati huo. Hilo nalijua tangu nikiwa mwanagenzi. Nimewaeleza madereva mamia bila kuwaita waongo. Balbu nilikuwa naisamehe.

Daktari akaongeza dawa. Nikalipa, nikamsindikiza mama mpaka Kilosa. Njia nzima alikuwa mpole. Nilipomshusha akasema, "Asante kwa kunisindikiza, Mungu akuzidishie," maneno ambayo mtu humwambia mgeni.

Nikamwomba radhi siku ileile, nisije nikaonekana sikuomba. Nilisema, "Mama, nimekosea pale kwa daktari, nisamehe." Akasema, "Yameisha hayo, baba," akaniuliza kama watoto wameshalipokea begi la karanga alilowatumia. Na kweli alikuwa amesamehe. Mama yangu si mtu wa kinyongo.

Ila simu haikulia tena. Wiki ya kwanza, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikamaliza magari mawili yaliyokuwa yamelala. Wiki ya pili nikapiga mimi.

"Unaendeleaje, mama?"

"Nzuri, baba. Watoto hawajambo?"

"Na mbavu?"

"Namshukuru Mungu."

Nikajiambia dawa imefanya kazi. Huenda ilifanya. Mwezi ukapita wa nzuri na namshukuru Mungu, na mimi ndiye niliyeanza kukosa raha, napima simu zake neno kwa neno kama ninavyopima waya, kila kitu kizima, na bado siamini. Jumapili moja nikaondoka bila kumwambia.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi, pazia la chumbani limesogezwa. Kabla sijapiga hodi nilimwona. Amekaa ukingoni mwa kitanda, ameishika khanga kwa vidole viwili ameivuta mbali na mbavu, haitikisiki, na mdomo ameuma mpaka umekuwa mweupe. Nilirudi nyuma hatua mbili nikasema hodi. Nilisikia kitanda kikilia. Akatoka amejifunga khanga, ameikaza juu ya mbavu zilezile, uso umenyooka.

"Karibu baba, mbona bila taarifa?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, inauma?"

"Haiumi."

"Nimekuona, mama."

"Umeona nini? Keti, nikuwekee chai."

Nikamfuata hadi jikoni. Nikamwambia sitaandika popote, sitamwambia daktari, sitamwambia mtu. Aniambie tu, hata namba moja, hata kwa kukadiria, hata yenye nusu. Mimi, niliyekuwa namfokea kwa nusu, nilisimama jikoni kwa mama yangu nikiomba nusu. Alikuwa anapuliza mkaa, mkono wa kulia ameutenga na mwili kama aliyebeba yai kwapani. Alipomaliza akajiinua taratibu, akanigeukia, akatabasamu.

"Nzuri, mwanangu," akaniambia, kwa sauti anayowajibia wapita njia.